Mzee Aliyevaa Kaptura

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi kadhaa wa Kibera na Kawangware wameniuliza baada ya ibada. Wanasema: Mchungaji, je, ni vyema watoto wetu waonyeshwe picha za sinema shuleni, tena wakati wa masomo, hali karo tunailipa kwa taabu? Baba mmoja aliniambia wazi kwamba kama ni sinema, mtoto wake aweza kuiona katika kibanda cha video pale Gatwekera kwa shilingi chache, na DJ Afro akamweleza kila kitu kwa Kiswahili.

Si swali la kipuuzi. Mtu anayefua nguo za watu Lavington au kubeba mawe ya ujenzi ili mtoto asome ana haki ya kujua mtoto huyo anasomeshwa nini. Basi sitajibu kwa ndiyo au la. Nitawaeleza picha moja tu, na yale niliyoyasikia kwa watoto walioitazama, kwa maana mimi huingia madarasani kila juma katika kile kipindi cha mafundisho ya dini tunachokiita PPI.

Picha yenyewe inaitwa The First Grader, yaani mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ilitolewa mwaka 2010, na aliyeiongoza ni Mwingereza, Justin Chadwick. Mzee anayesimuliwa humo ameigizwa na Mkenya mwenzetu, Oliver Litondo, ambaye wengi wenu mlimjua zamani kwa kusoma habari. Lakini kisa chenyewe si cha kutungwa. Kimani Maruge alikuwa mtu halisi. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa nje waliingia darasani. Nasi tulio Nairobi twakumbuka jinsi shule kama Olympic na Ayany, karibu na Kibera, zilivyofurika. Januari 2004 mzee Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Hakuna mtu mzee kuliko yeye aliyepata kuandikwa katika kitabu cha rekodi za Guinness kwa kuanza shule ya msingi.

Katika ile picha mzee anakuja langoni na fimbo yake, anafukuzwa, anarudi. Anaambiwa hana sare ya shule. Basi anatafuta suruali kuukuu, anaikata iwe kaptura, anavaa soksi ndefu, anarudi tena. Watoto wote duniani hucheka hapo, na darasa nililokuwa nimeketi nalo lilicheka mpaka mabati yakalia. Ila nyuma, karibu na mlango, palikuwa na kijana ambaye hakucheka.

Ninyi walimu mnamjua kijana huyo, maana yumo katika kila darasa la mitaa yetu. Ana miaka kumi na mitano na yuko pamoja na watoto wa miaka kumi na mmoja. Labda alichelewa kuanza kwa kuwa alikuwa akilea wadogo zake, au alikaa mashambani kwa nyanya yake miaka mitatu, au nyumba yao ilivunjwa. Mwaka 2018, mwezi wa Julai, barabara ilipopitishwa katikati ya Kibera, maelfu ya watu waliachwa bila nyumba kwa siku chache, na shule zikabomolewa pamoja na nyumba. Watoto wa namna hii huketi nyuma kwa sababu ya urefu wao, na hawainui mkono, kwa kuwa wanaona haya kukosea mbele ya wadogo. Njaa humfukuza mtoto shuleni, ni kweli, lakini mimi nimewaona wengi waliofukuzwa na haya.

Mwalimu alipowasha taa na kuuliza mmejifunza nini, wengi walijibu kama watoto wanavyojua mwalimu anapenda kujibiwa: tutie bidii, tusikate tamaa, elimu ni ufunguo wa maisha. Majibu hayo ni mazuri, na wangeyatoa hata bila kuiona picha. Kisha yule kijana akauliza, "Mwalimu, huyu mzee hakuona haya?" Darasa likanyamaza. Mwalimu, naye ni mwalimu mwenye busara, hakumjibu. Aliwarudishia wanafunzi swali. Msichana mmoja akasema aliona haya siku ya kwanza, lakini alikuwa na haja kubwa kuliko haya yake. Ningekuwa na dakika tano zaidi ningewasomea habari za Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko aliyeambiwa na umati anyamaze, naye akazidi kupaza sauti.

Sasa tuitazame hiyo haja ya mzee. Katika picha, Maruge ana barua kutoka ofisi ya Rais, naye anataka aisome mwenyewe. Hataki asomewe. Maruge alikuwa amepigana katika vita vya Mau Mau, na makovu ya mateso alikuwa nayo mwilini. Lakini yule Maruge halisi alitoa sababu nyingine pia, na sababu hiyo yatuhusu sisi wahubiri. Alisema anataka kujua kuhesabu, asije akapunjwa fedha, na kwamba anataka kuisoma Biblia mwenyewe, kwa kuwa alishuku kwamba mhubiri haisomi sawasawa!

Nilipowaambia watoto hayo walinitazama mimi wakacheka sana, nami nikaona afadhali nicheke nao. Lakini mnawakumbuka watu wa Beroya, katika Matendo ya Mitume sura ya 17? Mtume Paulo aliwahubiri, nao hawakumkubali kwa ajili ya jina lake tu. Waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ni kweli. Luka hawalaumu kwa kumshuku mtume, anawasifu. Katika Nairobi ya leo, ambapo mtu aweza kukodi jumba la mabati Jumamosi na Jumapili akawa nabii anayeuza mafuta na maji, mama asiyejua kusoma hana ngao. Kwa hiyo mwalimu akimwambia mtoto asome ili apate kazi, amesema kweli, ila hajamaliza. Mzee wa miaka 84 hakuwa anatafuta kazi.

Hapo pana sehemu ya picha hiyo ambayo mimi siipendi, na ni vizuri niiseme. Mwalimu Jane, aliyempokea mzee, anahamishwa kwenda shule ya mbali. Mwalimu mpya anapokuja, watoto wanafunga lango na kumtupia vitu. Muziki unapanda, na mtazamaji anafurahi. Darasa letu lilishangilia. Lakini hawa ni watoto wa Kibera. Wanayajua mawe, na moshi wa gesi ya machozi wameuvuta tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Yule mwalimu mpya alikuwa ametumwa tu, hakumkosea mtu. Nilitaka kusema hayo, lakini mtoto mmoja mdogo aliwahi kuyasema kwa njia yake: "Na huyo mwalimu mwingine, nani alimwambia pole?" Picha haina jibu.

Tena kuna mambo ambayo picha haionyeshi kabisa, na hapo mwalimu hana budi kuendelea pale sinema ilipokomea. Ni kweli kwamba mwaka 2005 Maruge alipanda ndege kwa mara ya kwanza, akaenda New York kunena katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Lakini mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, fujo za kikabila zilimfikia huko Eldoret. Mali yake iliibwa, naye akaishi kambini katika hema pamoja na waliofukuzwa makwao. Na kutoka kambini alikuwa akienda shule. Baadaye mwaka huo aliletwa hapa Nairobi, akakaa katika makao ya wazee, akaingia darasa la sita katika shule ya Marura, Kariobangi. Mei 2009 alibatizwa katika kanisa la Katoliki, akaitwa Stefano. Agosti 14 mwaka huohuo alifariki kwa ugonjwa wa saratani. Shule ya msingi hakuimaliza.

Mwalimu mmoja aliniomba nisiwaambie watoto mwisho huo, akasema utawavunja moyo. Mimi nadhani ni kinyume. Mtoto wa Kawangware akionyeshwa tu wale walioshinda, atajipima nao, na siku akipata alama za chini atasema sinema ni ya wengine. Lakini huyu ni mtu ambaye hakupata cheti, hakupata kazi, na hakuna anayethubutu kusema kwamba miaka yake mitano ya shule ilipotea bure. Mungu alimwita Musa akiwa na miaka themanini, wala Musa hakuingia Kanaani.

Kwa sababu hiyohiyo mimi huwa na wasiwasi kidogo na zile picha za mtoto mmoja aliyetoka mtaani akawa mkubwa. Mnaijua Queen of Katwe, iliyotolewa mwaka 2016, ya msichana wa Kampala, Phiona Mutesi, aliyekuwa akiuza mahindi, akajifunza mchezo wa sataranji mpaka akaiwakilisha Uganda katika mashindano makubwa ya dunia. Mama yake ameigizwa na Lupita Nyong'o wetu. Ni picha nzuri, waonyesheni. Lakini waulizeni watoto: Phiona alikwenda kwa mwalimu wake mara ya kwanza akitafuta nini? Hakufuata sataranji; hata jina la mchezo ule hakulijua. Alifuata uji. Robert Katende alikuwa akiwapikia watoto uji, kisha akawafundisha kucheza. Na aliowapa uji hawakuwa Phiona peke yake. Walikuwa watoto wengi ambao hakuna atakayewatengenezea sinema. Wanafunzi wetu wanamtazama bingwa, nasi tulio watu wazima yafaa tuitazame sufuria.

Basi, ndugu mzazi uliyeniuliza. Katika kile kibanda cha video mtoto hupewa picha na kelele, kisha huambiwa atoke, wengine waingie. Shuleni kinachofaa hasa ni ile nusu saa ya mwisho, taa ikiwaka, watoto wakiulizana. Mwalimu akizima mashine kengele ilipolia na kuwapeleka nyumbani, hapo una haki ya kunung'unika kuhusu karo yako. Tena mwalimu aitazame picha kwanza peke yake. Hii ya Maruge ina mateso ya vitani ambayo watoto wadogo hawafai kuyaona, na usiku mama ndiye atakayeamshwa.

Nimalizie na jambo lililotokea Kawangware. Mwalimu wa huko, baada ya picha, aliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani: nenda ukamwulize mtu mzima mmoja wa kwenu ambaye hakusoma, ni kitu gani hasa angependa kukisoma. Majibu yalikuja siku ya tatu, katika madaftari, kwa mwandiko wa kila namna. Nyanya mmoja alitaka kusoma jina la matatu kabla haijampita. Baba mmoja alitaka kuijua karatasi anayotia kidole gumba kila mwezi kwa mwenye nyumba. Lakini akina mama wengi, wengi sana, walitaja kitu kimoja: ujumbe wa M-Pesa. Fedha zinaingia kwenye simu, naye hana budi kumwita mtoto au jirani amsomee ni kiasi gani. Mama mmoja alitapeliwa mara mbili kwa ujumbe wa uongo, na aliyemsomea alikuwa mwanawe wa miaka minane, ambaye hakujua kwamba unaweza kuwa wa uongo.

Katika picha ile Maruge anapelekwa kwa muda katika darasa la watu wazima, nalo limeonyeshwa kuwa mahali pa uvivu. Hapo walituonea. Kenya ilitangaza kampeni ya kufuta ujinga tangu mwaka 1979, na wazee wetu wengi walijifunza kuandika majina yao katika ngumbaru, jioni, baada ya jembe. Madarasa hayo yamepungua, ila hayajafa.

Walipopata habari ya madaftari yale, akina mama wa parokia waliomba ukumbi wa kanisa. Darasa linaanza Jumanne saa kumi na mbili jioni, na Alhamisi saa hiyohiyo. Hakuna ada. Njoo na daftari na kalamu, na kama una simu njoo nayo, kwa kuwa somo la kwanza ni kusoma ujumbe wa fedha. Mwenye mtoto mchanga aje naye. Wale wanaoona haya kupita mlango wa mbele, kuna mlango wa upande wa jikoni, nao utakuwa wazi.

Hadi juma lijalo, Mungu akipenda, kwa herini.