Siku Tatu Kisiwani Mfangano



Dada yetu anakaa Soin, katika kaunti ya Kericho, mahali ambapo watu wengi wa pwani hawapajui ila kwa kupita. Jina hilo kwa Wakipsigis ni la nchi ya chini, nchi ya joto. Mtu akitoka Kericho mjini, penye baridi na mashamba ya majani chai, huteremka na barabara, na kila anapoteremka joto huzidi, mpaka miwa na mahindi yakachukua nafasi ya chai. Shemeji yetu ni mwalimu. Serikali ilimpeleka huko, naye akachukua mke, watoto na mamake mzazi.

Mavyaa huyo alipigwa na kiharusi mwaka wa pili tangu wahamie. Kwa miaka sita dada yetu alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani asipate vidonda, akamtilia udhu na kumwelekeza kibla. Usiku alipohitaji kitu, bibi aligonga ukuta kwa kifimbo chake cha mpingo. Aligonga mara tatu au nne kila usiku, na kila mara dada yetu aliamka. Mwenyezi Mungu alipomchukua mja wake, sote tulisema kwamba sasa mama watoto atapumzika. Arubaini ikapita, na miezi saba juu yake, naye hakupumzika. Saa nane za usiku alikuwa wima mlangoni mwa chumba kitupu. Alipotupigia simu Mombasa alisema maneno ambayo hatukuweza kuyajibu: “Nyumba imenyamaza, masikio yangu hayana habari.”

Tulimwita aje Mombasa. Alikataa, na tulipofikiri tuliona ana haki. Nyumbani angepokewa na wageni wa kumpa pole, na kila mgeni angetaka kusikia habari ya ugonjwa tangu mwanzo. Na kwa tabia yake angeishia jikoni akiwapikia hao waliokuja kumliwaza. Alituomba jambo moja tu: “Nipelekeni pahali nisipokuwa na mtu.” Ndipo tukakumbuka kwamba Soin si mbali na ziwa, na kwamba ziwani mna visiwa.

Basi tulikwenda likizo ya shule, wanawake watatu, kaka yetu, shemeji na watoto wawili. Kwa wanaotuuliza njia: kutoka Soin tuliteremka hadi Ahero, tukashika barabara ya Katito na Kendu Bay, kisha Homa Bay, na mwisho Mbita ambako lami hukutana na maji. Tulisimama Kendu Bay kwa ajili ya swala, kwani mji huo mdogo wa ziwani una Waislamu wa tangu zamani na una msikiti. Waliotupokea walituuliza khabari za pwani kana kwamba tumetoka mtaa wa pili.

Karibu na hapo pana ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima, lenye maji ya magadi, ambalo nyakati nyingine hujaa heroe. Wajaluo husimulia kwamba zamani palikuwa na kijiji hapo. Usiku mmoja wa mvua na ngoma alikuja bibi kizee akaomba hifadhi, wakamfukuza wote isipokuwa mwanamke mmoja aliyempokea na kumpa moto wa kuota. Yule mwanamke akaambiwa atoke na jamaa zake, na kijiji kikadidimia pamoja na watu wake. Kaka yetu aliisimulia hadithi hii kwa furaha, kama asimuliavyo kila kitu, bila kufikiri ni nani anayemsikiliza. Dada yetu aliyatazama yale maji kwa muda mrefu, kisha akauliza tu kama watoto wamekula.

Mbita imeungana na kisiwa cha Rusinga kwa daraja, na wengi huishia hapo. Rusinga ndipo alipozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na ndipo Mary Leakey alipookota fuvu la kale la Proconsul mwaka 1948. Lakini penye daraja hapana kimya, nasi tulikuwa tumetumwa kimya. Mfangano iko mbele zaidi, na hufikiwa kwa chombo peke yake.

Tunasema haya kwa ajili ya kina mama wenzetu. Vukeni asubuhi, kabla upepo wa alasiri haujayachafua maji; wenyeji nao hupendelea hivyo. Jaketi la kuokolea maisha lidaiwe kabla ya nauli kulipwa, na likaguliwe kamba zake. Lavaliwa juu ya buibui bila taabu yoyote. Aibu iko wapi? Sisi tuliozaliwa kando ya bahari ndio wenye kiburi zaidi katika jambo hili, na ziwa hili halina simile na kiburi. Eneo lake lakaribia kilomita za mraba 69,000, na mawimbi yake ni mafupi na ya ghafla, hayana mpango kama ya kwetu. Jambo jingine ni kwamba fuo nyingi hazina gati, na vijana huwabeba abiria mgongoni kuwafikisha pakavu. Watatu sisi tulikataa kwa upole, tukashuka majini na nguo zetu hadi magotini. Vijana walicheka. Shemeji yetu, aliyekubali kubebwa, alichekwa zaidi.

Kisiwa chenyewe ni mlima uliotoka majini. Kilele chake, Kwitutu, chakaribia mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye mita 1,134, basi mtu husimama ufuoni akiinua shingo. Nyumba zimeshika ukanda mwembamba baina ya jabali na maji. Tulipanga vyumba viwili katika ua wa mama mmoja mjane, mvuvi wa mvuvi, mwenye mashua mbili na maneno machache. Ni Mkristo, kama walivyo wengi kisiwani. Tulipomweleza habari ya chakula chetu hakuona tatizo. Alituonyesha ngege aliyetoka majini saa ile ile akasema, “Huyu hachinjwi na mtu.” Sufuria tulikuwa nazo zetu. Siku zote tatu tulikula samaki, ugali, mboga za kienyeji, na wali mmoja wa nazi ambao nazi yake tulitoka nayo Mombasa ndani ya begi la watoto.

Nani alipika? Hili ni swali la haki, kwa sababu twajua safari zetu zilivyo. Familia husema inakwenda kupumzika, na mama hufunga jiko lake, viungo vyake na chupa zake za chai, akaenda kulifungua mahali pengine penye moshi zaidi. Safari hii tulikata shauri kabla ya kutoka: wanaume wangepika. Kaka yetu alipika kwa sifa na kelele. Shemeji alipika kimya, na samaki wake ndiye aliyekuwa mtamu.

Kuhusu ibada, mambo mawili ya kujua. Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja. Kisiwani huelemea kidogo mashariki ya kaskazini. Na kwa kuwa Mfangano iko magharibi sana ya pwani, jua huchwea huko dakika ishirini na kitu baada ya Mombasa, hivyo ratiba ya swala iliyo ukutani nyumbani isifuatwe. Mmoja wetu alikwisha kunyanyua mikono kwa Magharibi ilhali jua lingali juu ya maji likitutazama.

Na maji! Hatukuacha kuyastaajabia. Macho huona bahari, na mkono ukichota, ulimi haupati chumvi. Hata hivyo tulichukulia udhu maji ya mapipa, kwa kuwa kando ya ziwa, hasa penye majani, mna kichocho, na pengine viboko na mamba. Watoto walikatazwa kuoga ziwani, wakalia, wakanyamaza. Vyandarua vya mbu havikosi kuchukuliwa, wala dawa za kila mgonjwa wa nyumbani, maana kimya cha kisiwa kina bei yake: mtu akizidiwa usiku, kuna maji baina yake na hospitali kubwa. Mwenyeji wetu alitwambia hivyo bila kulalamika, kama mtu atajavyo hali ya hewa.

Siku ya pili tulikwea na mlinzi hadi penye michoro ya kale. Ni duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, zilizochorwa juu ya mwamba na watu wa kale ambao wataalamu huwanasibisha na Watwa, wawindaji waliokuwapo kabla ya wote. Wazee wa kisiwa waliihusisha na mvua. Wakazi wa leo ni Abasuba, ambao masimulizi yao yasema babu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Lugha yao ya asili ni ya Kibantu, lakini imemezwa na Kijaluo kizazi baada ya kizazi, na Mfangano ni katika sehemu chache ambako ingali yasikika. Uani kwetu tuliisikia kutoka kwa mtu mmoja, mamake mwenye nyumba, ajuza asiyetoka kitandani ila kwa kuinuliwa. Binti yake alimjibu kwa lugha hiyo, akageuka akawaita wanawe kwa Kijaluo, kisha akatuambia sisi kwa Kiswahili kwamba chai iko tayari. Sisi ambao wajukuu wetu wa Lamu na Pate hucheka wakisikia maneno ya bibi zao, hatukuwa na la kusema.

Dada yetu hakukwea mlima. Alibaki uani, na tuliporudi tulimkuta na ufagio mkononi. Tangu siku ya kwanza hakuweza kuketi. Aliosha vyombo visivyo vyake, akaanika omena pamoja na wasichana, akaokota vijiti vya kuni ambavyo hakuna aliyemtuma. Usiku wa kwanza yule ajuza alikohoa katika nyumba ya pili, na kabla kikohozi hakijakwisha dada yetu alikuwa nje, pekupeku, ameshika kikombe cha maji. Tulimrudisha. Usiku wa pili ikawa vile vile, ila mara hii alifika mlangoni, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuamka. Walisimama wawili hao katika mwanga wa taa ya sola, mmoja ndani na mmoja nje. Mwenyeji wetu alikipokea kile kikombe kwa mikono miwili, kama apokeavyo mtu zawadi. Kisha akasema, si kwa ukali: “Mama, huyu ana wa kwake. Wa kwako ulimmaliza. Nenda ulale.”

Hatukujua kama maneno hayo yangemwuma. Asubuhi hakuyataja. Lakini mchana wa siku ya tatu tulimwona ameketi chini ya mwembe, mikono imo mapajani, haifanyi kitu. Watoto walimwendea wakataka hiki na kile, akawaambia waende kwa baba yao. Alasiri aliomba chai, akaletewa, akainywa mpaka mwisho ikiwa bado moto. Kina mama wanaosoma hapa watafahamu kwa nini tulitazamana.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi, usiku hauna mbalamwezi. Wavuvi wa omena hungojea giza hilo, kwa kuwa dagaa hao hufuata taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina kazi na wavuvi hupumzika. Nao basi huhesabu mwezi kama tuuhesabuvyo sisi, ingawa kwa haja nyingine. Usiku ule ziwa lote lilikuwa na taa, mamia kwa mamia, hata upeo wa macho, mtu angedhani ng’ambo kuna mji mkubwa. Tuliketi ufuoni baada ya Isha bila kuzungumza. Dada yetu alikuwa wa kwanza kuinuka. Alisema amechoka, neno ambalo hatukuwa tumelisikia kinywani mwake kwa miaka sita.

Usiku wa manane ajuza alikohoa, akakohoa tena, kwa muda. Sisi wawili tuliamka. Tulisikia mlango wa nyumba ya pili, nyayo za binti yake, maji yakimiminwa, na maneno mawili matatu ya Kisuba. Kitanda cha katikati hakikutikisika. Tulisogea tukasikiliza pumzi zake kama wasikilizwavyo watoto wachanga.

Alfajiri kaka yetu aliadhini uani kwa sauti ya chini, kwa heshima ya jirani. Hakusikia. Tulisimama juu yake na udhu wetu tayari, kila mmoja akimwachia mwenziwe. Mwanga ulianza kupenya. Hatimaye wifi yake aliinama akamgusa unyayo.

“Ni nani anaita?” aliuliza.

“Hakuna,” tulisema. “Ni swala.”

Alitoka nje akachota maji pipani. Ziwani taa zilikuwa zikizimwa moja moja, na mashua zilikuwa zikirudi.