Mgongo wa Mchuma Chai na Rukhsa ya Kupumzika



Wiki hii tumeona vyema tuzungumzie mgongo. Ni nadra nyumba ya mwambao isiyoteleka chai asubuhi na jioni, na majani mengi ya nchi yetu hutoka katika vilima vya Kericho na Bomet, penye mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya bahari. Huko mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na kwa hivyo uchumaji nao haukatiki. Mchai mmoja hurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 14, yakachumwa majani mawili na chipukizi lake. Ili ipatikane kilo moja ya chai kavu huhitajika takriban kilo nne na nusu za majani mabichi, na panapochumwa kwa mkono, kilo hizo zote hupita mgongoni mwa mtu kabla ya kufika kwenye mizani.

Tuieleze kazi hiyo kwa wasioiona. Mchumaji hufunga kikapu mgongoni na kusimama kati ya mistari ya michai, mikono yote miwili ikichuma na kurusha majani nyuma ya bega. Huinama, hujipinda, hupanda na kushuka mteremko, na kikapu huzidi uzito kadiri saa zinavyopita. Pingili za uti wa mgongo zimetengwa kwa mito ya gegedu; mtu akiinama na mzigo, shinikizo juu ya mito hiyo huongezeka sana. Mwaka mmoja waweza kupita bila ya dalili. Ikipita kumi, huenda mto mmoja ukatoka mahali pake ukagusa mshipa wa fahamu, na maumivu yakateremka kutoka kiunoni hadi wayoni.

Jambo hili limefika hata mbele ya mahakama za ng'ambo. Zaidi ya wafanyakazi elfu moja wa mashamba ya James Finlay (Kenya) huko Kericho walipeleka madai Edinburgh, kwa kuwa kampuni hiyo ilisajiliwa Scotland, wakisema kwamba kazi ya kuchuma imewadhuru migongo na viungo. Kampuni imeyakanusha madai hayo. Mwaka 2022 mahakama iliruhusu madai yasikilizwe kwa pamoja. Mwaka 2023 majaji wa rufaa wakaamua shauri lisimame kwanza, wafanyakazi wapitie utaratibu wa fidia uliomo katika sheria za Kenya. Hukumu tunawaachia mahakimu. Swali letu ni la nyumbani: aliyeumia mgongo arejee lini kazini, na ni nani wa kuamua?

Wako watu, hata huku kwetu Diani, wapendao kuruka kutoka ndegeni kwa parachuti. Mwenye kuumia uti wa mgongo katika mchezo ule, kisha akatamani kurudi angani, ana wasaa. Aweza kungoja mwaka au miaka miwili, akamwuliza daktari, akashauriana na ahali zake, na asiporudi kabisa hakuna sufuria itakayolala kavu kwa ajili hiyo. Mchumaji hana wasaa huo. Kwa anayelipwa kwa kilo, siku asiyochuma ni siku asiyoandikwa. Ndipo humeza kidonge cha maumivu, akajikaza kiuno kwa kanga, akarudi mteremkoni kabla mwili haujampa ruhusa. Njaa ndiyo iliyomwandikia cheti cha kurejea.

Matabibu hawamtaki mwenye maumivu ya kiuno alale kitandani miezi. Maumivu mengi ya namna hiyo hupungua ndani ya wiki chache, na kulala sana hudhoofisha misuli inayoushika uti. Wanachokitaka ni kurejea kwa daraja: kutembea kwanza, kisha kazi nyepesi, kisha mzigo mdogo kwa saa chache, na kuongeza pale mwili unapostahimili. Aliyevunjika pingili au kupasuliwa asibebe kitu mpaka apate idhini ya daktari aliyemtibu. Na ziko dalili zisizongoja hata usiku mmoja: miguu kulegea, ganzi baina ya mapaja, na kushindwa kuuzuia mkojo au kuutoa. Mwenye hayo apelekwe hospitali saa ile ile, iwe ni ile ya rufaa ya Kericho au Tenwek kule Bomet.

Dini yetu imetufundisha daraja hizi kabla ya hayo. Imran bin Huswayn, radhi za Allah zimfikie, alikuwa mgonjwa akamwuliza Mtume kuhusu sala. Akaelekezwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Wanachuoni wakatufafanulia kwamba awezaye kusimama lakini hawezi kusujudu husimama, kisha akaashiria, na ishara ya sijida huiteremsha chini zaidi ya ile ya rukuu. Kila kiungo kimepewa kadiri yake. Wako akina mama wanaolia kwa sababu vipaji vya nyuso zao havifiki tena msalani, wakidhani sala yao imepungua thamani. Haikupungua. Rukhsa ni zawadi ya Mola, naye hupenda zawadi yake ipokewe.

Ikiwa nguzo ya dini imelegezwa kwa ajili ya mgongo, kikapu cha chai ni nini hata kisilegezwe? Mwanamke aliyetoka hospitali akaomba kazi ya kupalilia au ya kupima majani badala ya kubeba asiitwe mvivu, wala mumewe asimsimange kwa kilo zilizopungua.

Sheria ya nchi nayo imeweka haki zake. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo Mahakama ya Juu ya Kenya iliithibitisha Desemba 2019, inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya aliyeumia kazini. Aliyezuilika kufanya kazi kwa muda hupata malipo ya vipindi kwa muda usiozidi miezi 12. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hukadiriwa fidia ya mapato ya miezi 96. Lakini ajali isiyoripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12 huipoteza haki hiyo. Basi anayeficha maumivu kwa kuogopa kufukuzwa huenda anaifunga njia yake mwenyewe. Aseme mapema, aseme kwa maandishi, na azihifadhi karatasi za hospitali.

Mashine za kuchumia zingewapunguzia watu mzigo, lakini zimewaondolea wengi riziki, hata Mei 2023 baadhi yake zikachomwa moto katika maandamano huko Kericho. Dawa inayouponya mgongo na kuinyima midomo chakula haijatimia. Mwenye shamba aitafute njia inayochunga yote mawili.

Na kabla hatujawanyoshea kidole wenye mashamba, tutazame majikoni mwetu. Binti wa kazi anayeinua madumu ya maji kutoka kisimani na kuinamia beseni la nguo naye ana uti wa mgongo. Mtume ametuamuru tusiwakalifishe wanaotutumikia kwa wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha, tuwasaidie. Na yule mzee wa Madyan, alipomwajiri Nabii Musa, alimhakikishia kwamba hakusudii kumtia mashakani. Alimwajiri mtu mwenye nguvu, na bado akaziwekea mpaka nguvu zile. Mwajiri wa aina hiyo hangoji mfanyakazi aanguke ndipo amwulize hali.

Tunawausia basi: binti akisema kiuno chamuuma, dumu lijazwe nusu, ujira wake usikatwe, na apelekwe kwa daktari. Mwenyezi Mungu awaponye wote wenye maradhi ya migongo, wa Kericho, wa Bomet na wa kwetu, na awafungulie riziki isiyowavunja.

Wabillahi tawfiq.