Mvutano wa Uso: Istilahi ya Kiswahili katika Karakana za Singida

Istilahi ya sayansi hupimwa kwa kazi inayoifanya. Msomaji akiweza kukisia kutokana nayo jinsi jambo linavyotokea, istilahi hiyo imefaulu. Istilahi mvutano wa uso yafaa kupimwa hivyo, na mahali panapofaa ni karakana za mkoa wa Singida, ambako wasemaji wa Kinyaturu, Kinyiramba na Kidatoga hukutana katika Kiswahili.

Kitenzi vuta huzaa nomino mvuto, ambayo hutaja nguvu bila kudai kwamba ni ya pande mbili. Kikiongezwa kiambishi -an- cha kutendana, hupatikana vutana, na kutokana nacho mvutano. Tofauti hiyo si pambo. Ndani ya kimiminika kila atomu huvutana na jirani zake wa pande zote. Atomu iliyo usoni haina jirani wa juu, kwa hiyo huvutwa kandoni na ndani tu, na uso mzima hujikaza mithili ya ngozi. Kiambishi hicho ni urithi wa Kibantu, na Kinyaturu na Kinyiramba vinacho pia. Msemaji wa Kidatoga, lugha ya Kiniloti, atahitaji kuelezwa zaidi.

Katika nyuzi 25 za Selsiasi, mvutano wa uso wa maji ni takriban nyutoni 0.072 kwa mita. Chuma safi, kinachoyeyuka kwenye nyuzi 1538, kina takriban nyutoni 1.8, yaani mara 25 hivi. Lakini feleji ya karakanani si chuma safi. Salfa na oksijeni zilizomo, hata zikiwa chache mno, hukusanyika usoni na kulegeza mshikamano wa atomu za chuma, kama sabuni inavyoulegeza uso wa maji. Salfa ya sehemu 1 katika 1000 kwa uzito huweza kupunguza mvutano huo kwa karibu theluthi.

Athari yake huonekana katika kuchomelea. Uso wa kimiminika hutiririka kuelekea penye mvutano mkubwa, jambo lililochunguzwa na Carlo Marangoni wa Italia katika tasnifu yake ya mwaka 1865. Katika feleji yenye salfa chache sana, joto hupunguza mvutano. Basi chuma kilichoyeyuka huondoka katikati, penye mwako, kikaenda kingoni, na ungio huwa pana na la juujuu. Salfa ikizidi kidogo, mambo hugeuka: joto huifukuza salfa usoni, mvutano wa katikati ukawa mkubwa, na chuma hutiririka kuelekea kati kisha kikazama. Ungio huwa jembamba na lenye kina. Maelezo haya yalitolewa na Heiple na Roper, watafiti wa Marekani, mwaka 1982.

Singida ni mkoa wa alizeti. Fundi anayeunga tangi la mafuta kwa mabamba ya chuma kisichoshika kutu aweza kupewa mabamba mawili ya daraja moja, yaliyotofautiana kwa sehemu chache za salfa katika milioni. Akitumia umeme uleule na mwendo uleule, bamba moja litaungana hadi chini na la pili litaungana juu tu, likiacha ufa wa kuhifadhi uchafu au kuvujisha mafuta. Asipojua sababu, atalaumiwa mkono wake, ilhali tofauti imo ndani ya bamba.

Ili ajue, maneno mengine mawili yahitaji uangalifu. Kibiriti, neno lenye asili ya Kiarabu, lilitaja salfa yenyewe kabla ya kuzoeleka kwa njiti za kuwashia moto. Leo fundi akiambiwa chuma kina kibiriti atashangaa, hivyo salfa ndilo neno la kutumia. Chuma cha pua nalo, kwa baadhi ya watumiaji ni feleji yoyote, kwa wengine ni kile kisichoshika kutu tu. Utata huo ukiingia katika mwongozo wa kazi, fundi aweza kununua bamba lisilofaa.

Mwaka 1990 iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi iliyobaki kwa wanaistilahi ni kuyafikisha maneno ya aina hiyo kwa mwenye kushika mtambo, yakiwa na maelezo yake, naye aulize kiasi cha salfa kabla ya kuwasha mwako.