Majungu ya Grytviken

Majungu yaliyopikiwa nyangumi huko Grytviken hayana paa siku hizi. Yamesimama wazi chini ya mvua na theluji, yameliwa na kutu, na mabomba yaliyokuwa yakiyaletea mvuke bado yameyazunguka. Yale ya shahamu yalikuwa 12, na kila moja lilimeza tani 24 kwa mpigo. Mgeni anayeshuka ufukweni huyaona hata kabla hajaonyeshwa mlango wa makumbusho, kwa sababu kuta na mabati yaliyokuwa yakiyafunika yaling'olewa makusudi. Sababu ya kung'olewa itakuja.

Grytviken iko Georgia Kusini, kisiwa cha milima na barafu katika Atlantiki ya kusini, nyuzi 54 kusini ya ikweta, kiasi cha kilomita 1,400 kutoka visiwa vya Falkland. Hakuna uwanja wa ndege wala mwenyeji wa kudumu. Kisiwa ni eneo la ng'ambo la Uingereza, na wanaoishi humo ni maofisa na watafiti wachache wanaopokezana zamu. Watalii huja kwa meli wakati wa kiangazi cha kusini, na kabla ya kukanyaga nchi kavu husugua viatu na kukaguliwa nguo, wasije wakaingiza mbegu ngeni au panya. Ukali huo una historia: panya waliofika na meli za wawindaji walikula mayai na makinda ya ndege kwa zaidi ya karne moja, na ni mwaka 2018 tu kisiwa kilipotangazwa kuwa hakina panya tena.

Aliyeanzisha kiwanda hiki alikuwa nahodha wa Norwe, Carl Anton Larsen. Mwaka 1903 meli yake, iliyokuwa imebeba wanasayansi wa Uswidi, ilibanwa na barafu ikazama, na meli ya kijeshi ya Argentina ikawaokoa. Walipokelewa Buenos Aires kama mashujaa. Larsen hakupoteza muda wa kupigiwa makofi: aliwauliza matajiri wa mji ule kwa nini hawavui nyangumi waliojaa kwenye bahari yao, akapata mtaji, na tarehe 16 Novemba 1904 alitia nanga Grytviken na watu 60, mabati, mbao na boila. Kufikia Krismasi mafuta yalikuwa yakitoka.

Msimu huo wa kwanza chombo chake cha kuwindia hakikulazimika kwenda mbali. Nyangumi wa nundu walikuwa ndani ya ghuba yenyewe.

Nyangumi alifika kiwandani akiwa amekufa, akivutwa kwa mkia. Baharini alikuwa amepigwa kwa mzinga uliorusha chusa zito lenye bomu kichwani, kisha akajazwa hewa kwa bomba ili asizame. Kimojawapo cha vyombo vilivyofanya kazi hiyo, Petrel, bado kimepandishwa ufukweni pale pale. Kiliundwa Oslo mwaka 1928, na kilikuwa cha kwanza kuwekewa ubao wa kupitia kutoka darajani kwa nahodha hadi kwenye mzinga ulioko omo. Linaonekana jambo dogo. Lakini nahodha ndiye aliyekuwa mpiga mzinga, na kabla ya hapo alilazimika kushuka ngazi na kuvuka sitaha iliyolowa huku chombo kikipanda na kushuka mawimbi. Ubao ule ulimpunguzia sekunde chache. Kwa nyangumi anayeibuka kuvuta pumzi na kuzama tena, sekunde chache ndizo uhai.

Ufukweni kulikuwa na uwanja mpana wa mbao uliotelemka hadi majini. Winchi ilimpandisha nyangumi hapo, na wachunaji wakamvamia wakiwa na visu vya mpini mrefu na mabuti yenye misumari chini, kwa sababu mbao zilikuwa utelezi mtupu wa damu na mafuta. Walichanja kuanzia kichwani hadi mkiani, wakafunga waya wa winchi kwenye ncha ya mkato, na shahamu ikabanduka kwa kanda ndefu, kama ganda la ndizi. Kazi ikienda vizuri, mnyama mwenye urefu wa mabasi mawili alichunwa kwa dakika 20 hivi. Uwanja wote uliweza kumaliza nyangumi 25 wa pezi, kila mmoja wa mita 18 hivi, kwa saa 24.

Baada ya hapo njia ziligawanyika. Shahamu ilitupwa kwenye visu vinavyozunguka, ikakatwa vipande, ikapandishwa kwa ndoo za mnyororo hadi midomoni mwa majungu na kupikwa kwa mvuke kwa saa tano hivi. Nyama ilivutwa kwenda jengo la upande mmoja. Mifupa ilipandishwa ghorofani upande mwingine, ikakatwa kwa misumeno ya mvuke, maana mfupa wa nyangumi umejaa mafuta na nao hupikwa. Mafuta yote yalichujwa, yakatenganishwa na maji kwa mashine za kuzungusha kasi, kisha yakahifadhiwa kwenye matangi makubwa kungoja meli ya Ulaya. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Wa Grytviken haukutupwa: mabaki ya nyama na mifupa yalikaushwa na kusagwa kuwa unga wa chakula cha mifugo na mbolea.

Nani aliyahitaji mafuta hayo yote? Mwanzoni yalikuwa ya taa, sabuni na kulainishia mashine. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanakemia wakagundua namna ya kuyapitishia haidrojeni yakagandishwa kuwa mafuta meupe yasiyonuka samaki, na mlango wa jikoni ukafunguka: nyangumi wa Georgia Kusini alipakwa kwenye mkate wa Ulaya akiitwa majarini. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, gliserini inayotokana na utengenezaji wa sabuni ikageuzwa baruti kali. Mnyama ambaye wengi wa Ulaya hawakuwahi kumwona akawa kwenye meza zao na kwenye mizinga yao.

Majengo yale ya nyama na mifupa hayakutokana na ubahili wa wenye kiwanda peke yake. Miaka ya mwanzo walichukua shahamu tu, na mizoga ikaachwa ielee ghubani na kuoza. Serikali ya Uingereza, iliyotoa leseni, ikaweka masharti: mzoga utumike wote, na jike mwenye ndama asiguswe. Kuanzia 1909 kulikuwa na hakimu anayekaa kisiwani kusimamia hayo na kukusanya kodi. Kwa hiyo mitambo ikaongezwa, ufundi ukanolewa, na Grytviken ikafika mahali ambapo karibu kila kilo ya nyangumi ilikuwa na kazi.

Na hapo ndipo penye kichekesho kichungu cha mahali hapa. Sheria ilipima uharibifu kwa kuangalia mzoga, si kwa kuangalia bahari. Kadiri kiwanda kilivyozidi kuwa makini na kila mnyama, ndivyo kila mnyama alivyozidi kuwa na faida, na ndivyo vyombo vilivyozidi kutoka. Msimu wa 1925/26 ulikuwa wa kilele kisiwani kote: nyangumi 7,825, mapipa 404,457 ya mafuta, na mapipa sita hufanya takribani tani moja. Ukiufungua mgawanyo wa idadi hiyo, unasimulia yaliyokwisha kutokea. Wa pezi walikuwa 5,709, wa buluu 1,855, na wale wa nundu waliokuwa wakijaa ghuba miaka 20 iliyotangulia walikuwa 236 tu.

Kodi ya mafuta ilizaa kitu kingine. Ndiyo iliyogharimia utafiti mkubwa ulioanza 1925, ambao wanasayansi wake walijengewa nyumba jirani na kiwanda. Maabara yao ilikuwa uwanja ule ule wa kuchunia. Walipima mizoga, wakafungua matumbo kujua alikula nini, wakachunguza mifuko ya mayai ya majike, huku winchi zikiunguruma na wachunaji wakiwahimiza wasichelewe. Ili kujua nyangumi husafiri wapi, walibuni mshale mfupi wa chuma wenye namba, wakaupiga kwa bunduki kwenye mgongo wa mnyama aliye hai. Atakayeurudisha London angelipwa zawadi. Mishale hiyo ilirudi, na mingi haikuonekana wakati wa kuchuna, ikaja kuokotwa ndani ya jungu baada ya mafuta kuisha kutoka. Elimu ya kwanza ya uhakika kuhusu safari za wanyama hawa ilipatikana kwa kukwangua sufuria.

Wanaume walioishi hapa, mara nyingi 300 hivi kwa msimu na wengi wao Wanorwe, walijiwekea kijiji. Kanisa la mbao lililoletwa vipande vipande lilifunguliwa Krismasi ya 1913 na bado linasimama, limepakwa rangi nyeupe. Kulikuwa na sinema, uwanja wa mpira na mahali pa kurukia kwa ski. Kwenye makaburi amezikwa mpelelezi wa Antaktika, Ernest Shackleton, aliyefariki ndani ya meli yake bandarini hapa tarehe 5 Januari 1922. Meli nyingi za kitalii huja kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya nyangumi, na watu hummwagia tone la wiski. Ni haki yao, ingawa ukisimama kaburini na kugeuza kichwa unaona majungu, na ni vigumu kuamini kwamba kaburi ndilo lenye habari kubwa zaidi.

Grytviken ilipika nyangumi 53,761 hadi kazi ilipokoma katikati ya miaka ya 1960. Kisiwa kizima, kwa vituo vyake vyote, ni 175,250. Wenye kampuni hawakufunga kwa huruma. Walikuwa wamemaliza wa nundu, wakahamia wa buluu na wa pezi, wakaishia kwa wadogo, na gharama ya mishahara na meli ikazidi bei ya mafuta. Waliondoka wakaacha vikombe kwenye makabati.

Vyuma vilivyobaki vilileta balaa lao. Machi 1982, mafundi wa mfanyabiashara wa Argentina aliyenunua chuma chakavu walishuka kwenye kituo jirani cha Leith na kupandisha bendera ya nchi yao. Wiki chache baadaye Uingereza na Argentina zilikuwa vitani, na Grytviken yenyewe ikarushiwa risasi. Kisha kukaja tatizo la asbesto. Mabomba na boila zilikuwa zimefungwa kwa nyuzi hizo zinazoua mapafu, na upepo wa kisiwa haupigi kwa upole. Mwaka 2003 na 2004 wakandarasi waliondoa asbesto na mafuta yaliyosalia kwenye matangi, wakabomoa mabati na kuta zilizokuwa zikining'inia, na kuacha mitambo peke yake. Ndiyo maana majungu hayana paa. Vituo vingine kadhaa vya kisiwa havijasafishwa hivyo, na mgeni haruhusiwi kuvikaribia kwa mita 200.

Makumbusho yenyewe yalianzishwa 1991 ndani ya nyumba ya meneja, iliyojengwa 1916. Humo mna visu vya wachunaji, machusa, vifaa vya jikoni na nguo za kazi. Nje, sili-tembo hulala wakikoroma katikati ya magurudumu ya winchi, na ngwini hupita bila kuomba njia. Sili hao nao walipikwa hapa kwa miaka mingi kwa ajili ya mafuta yao.

Na baharini? Uchunguzi wa kuanzia 1998 hadi 2018 ulikuwa umemwona nyangumi wa buluu mara moja tu katika maji ambako zaidi ya 40,000 waliuawa. Mwaka 2020 watafiti walihesabu zaidi ya 50 katika msimu mmoja, na wakawasikia wakilia kupitia vinasa sauti vilivyodondoshwa majini. Wa nundu wamerudi kwa maelfu. Kundi hilo, linalokwenda kuzaa pwani ya Brazili, linakadiriwa kukaribia wingi wake wa kabla ya Larsen.

Nyangumi wa nundu wanaopita pwani ya Afrika Mashariki, Watamu na Kizimkazi, kati ya Julai na Septemba si wa kundi hilo. Wao hula sehemu ya Bahari ya Kusini iliyo kusini ya Bahari ya Hindi, na walikuwa na jinamizi lao karibu zaidi: Durban, ambako uwindaji ulianza 1908 na kituo kikafungwa 1975. Mji haukutaka harufu ile bandarini, kiwanda kikawekwa ng'ambo ya kilima cha Bluff kinachotazama bahari kuu. Kwa hiyo nyangumi walipandishwa nchi kavu ndani ya bandari, wakapakiwa kwenye mabehewa yaliyoundwa kwa ajili yao, na kuzungushwa kilima kwa treni.