Mgongo uliopinda tangu tumboni: Mzazi asilaumiwe

MZAZI anapogundua kuwa bega moja la mwanawe liko juu kuliko jingine, au kwamba mgongo wake una nundu, lawama huanza papo hapo. Wapo watakaodai kuwa mtoto alibebwa vibaya mgongoni. Wengine watataja laana. Madai hayo hayana msingi.

Uti wa mgongo umeundwa kwa pingili zilizopangana. Pingili hizo hujiunda takriban kati ya wiki ya nne na ya sita ya ujauzito, wakati ambapo wanawake wengi hawajatambua kuwa wana mimba. Hitilafu ikitokea wakati huo, pingili moja huweza kuumbika nusu tu, au mbili zikashikana upande mmoja. Basi upande mmoja wa mgongo hukua, mwingine ukabaki nyuma, na mgongo ukapinda. Inakadiriwa kuwa mtoto mmoja kati ya 1,000 huzaliwa na hali hii. Mara nyingi hairithiwi.

Kwa kuwa kasoro imo katika mfupa wenyewe, kukanda mgongo kwa mafuta hakuwezi kuunyosha.

Hatari kubwa huja mtoto anapokua kwa kasi, yaani katika miaka mitano ya kwanza na wakati wa kubaleghe. Mgongo ukipinda sana, mbavu hubana mapafu ambayo bado yanakua, na kupumua kukawa shida.

Ndiyo maana inafaa mtoto apigwe picha ya eksirei mapema. Moyo, figo na neva zilizo ndani ya uti wa mgongo pia huchunguzwa, kwani viungo hivyo hujiunda wakati mmoja na pingili na huenda navyo vikawa na kasoro. Aidha, nundu ikijitokeza kwa mtoto ambaye awali mgongo wake ulikuwa umenyooka, huenda ikawa ni kifua kikuu cha mifupa, ambacho hutibiwa kwa dawa.

Si kila mtoto huhitaji upasuaji. Baadhi hufuatiliwa tu kila baada ya miezi kadhaa. Kwa wengine, daktari huondoa pingili yenye kasoro, au huunganisha pingili chache ili mgongo usizidi kupinda.

Mzazi anaweza kuanzia nyumbani: mwambie mtoto ainame mbele, miguu ikiwa pamoja, kisha umtazame kutoka nyuma. Ukiona upande mmoja wa mbavu umeinuka, mpeleke hospitalini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.