Dawa zilizobaki Geel, na koltani inayotoka Rubaya

Mwezi wa saba mwaka 2025 habari moja ilitoka Ubelgiji, lakini huku kwetu haikupigwa kelele, juu kila mtu alikuwa na mambo yake ya vita. Ndani ya mji mdogo unaoitwa Geel kulikuwa ghala imejaa vidonge, sindano, implanti na sterile, vyote vya kupanga uzazi. Serikali ya Marekani ilikuwa imevinunua kwa dola karibu milioni 9.7. Kisha Washington ikasema vitachomwa. Kazi ya kuvichoma peke yake ingekula dola 167,000. Shirika la IPPF lilijitolea kuvichukua na kuvigawa bila Marekani kutosha hata senti, likakataliwa. Ni shirika hilo lililoeleza kwamba 77 kwa mia ya mali hiyo ilikuwa imepangiwa nchi tano za Afrika: Kenya, Tanzania, Zambia, Mali na Kongo yetu.

Hatuwezi kusema implanti fulani ya Geel ilikuwa inakuja Rubaya ao Mubi. Lakini mama anayeenda kituo cha afya akaambiwa "dawa imeisha, rudia mwezi ujao" anahitaji kujua inaishaka namna gani. Wengi wetu tunafikiri dawa zile ni za Serikali, ao ni za "wazungu" tu, basi. Wazungu gani? Na pesa gani? Ndiyo maana tunaandika.

Tuanze na ile iliyokatika. Kwa miaka mingi mfadhili mkubwa wa dawa hizi duniani alikuwa Marekani, kupitia USAID. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025 rais mpya aliweka sahihi yake, misaada ikasimamishwa. Siku nne nyuma akarudisha ile kanuni iliyoanza 1984 wakati wa Reagan, inayokataza shirika la nje linalopokea pesa ya Marekani kusaidia ao hata kushauri mambo ya kutoa mimba, hata kwa pesa yake lenyewe. Rais wa chama kimoja anaiondoa, wa chama kingine anairudisha, na huku Masisi muuguzi hajui hata kura ilipigwa lini. Tarehe 1 mwezi wa saba USAID ilifungwa kabisa. Wiki hizo hizo Goma na Rubaya zilikuwa mikononi mwa M23, na Walikale centre ilikuwa imetoka kuonja vita: M23 waliingia mwezi wa tatu, wakaondoka mwezi wa nne. Kwa hiyo mama alipigwa pande mbili. Barabara ilifungwa, na kule mwanzo wa barabara mfuko ulifungwa.

Lakini si pesa ya serikali peke yake inayonunua dawa hizi. Kuna mifuko ya matajiri, na hapa mchimbaji asikie vizuri, maana jambo linamgusa mikono. Mwaka 1939, Palo Alto, California, vijana wawili, William Hewlett na David Packard, walianza kutengeneza mashine ndani ya garaji. Kampuni yao ikakuwa ile HP ambayo jina lake unaliona juu ya kompyuta. Packard na bibi yake Lucile wakaanzisha mfuko wao wa kutoa msaada mwaka 1964. Hewlett na bibi yake Flora wakafuata 1966. Mifuko yote miwili imetoa pesa nyingi kwa kupanga uzazi katika nchi maskini, na ule wa Packard umefanya kazi hapa Kongo, zaidi upande wa Kinshasa. Mwaka 2000 ukaja ule wa Bill Gates, mwenye Microsoft.

Unaona inapoelekea. Koltani unayoosha Rubaya inatoka tantali, na tantali inaingia ndani ya kile kitu kidogo cha kutunza umeme, kipo ndani ya simu na kompyuta. Hatusemi Hewlett alijenga utajiri wake na mchanga wa Masisi, huo ungekuwa uongo. Tunasema hivi: biashara ya kompyuta ilitajirisha watu, watu hao wakatosha sehemu kidogo, na sehemu hiyo ikanunua dawa za mama. Sisi tuko mwanzo wa ile mnyororo na tuko mwisho wake. Katikati yote hatumo.

Pesa ya namna hii inafanya nini? Mfano mmoja mchimbaji atauelewa upesi. Zamani implanti moja ilikuwa karibu dola 18, na nchi maskini zilishindwa. Mwezi wa kwanza 2013, mfuko wa Gates pamoja na Norway, Uingereza, Sweden na wengine waliendea kampuni ya Bayer, inayotengeneza Jadelle, wakaiambia: tunakuhakikishia utauza mamilioni kwa miaka sita, shusha bei. Bei ikaanguka hadi dola 8.50. Ni kama négociant anayemwambia PDG wa shimo, "Leta mzigo kila wiki, mimi niko hapa hata soko likiwa baya," halafu wanapatana bei. Hakuna aliyegawa implanti bure siku ile. Walitoa neno tu, na neno la mtu mwenye pesa ni mtaji.

Mfano mwingine ni wa kwetu kabisa. Tangu 2011 CARE, IRC na Save the Children walianza kusaidia wizara ya afya katika zone za afya za mashariki zilizoumizwa na vita. Kazi ya CARE katika Kivu ya Kaskazini ililipwa na mfadhili ambaye hakutaka jina lake litajwe. (Wapo matajiri wa namna hiyo, na sisi tungependa wawe wengi kuliko wale wanaobandika jina hata juu ya ndoo.) Walifundisha wauguzi, wakaleta dawa bila kukatika, wakahesabu. Ilionekana kwamba mahali njia zote zipo na muuguzi anajua kazi, mama wengi wanachagua ile inayodumu miaka. Kwa hiyo ule wimbo wa kusema "bibi za Kivu hawataki" si kweli. Walikuwa hawapati.

Na mwenye kuhitaji zaidi ni nani? Tunasema ni bibi wa mahali pa kuchimba. Masharti ya Serikali kwa mashimo ya kuchimba kwa mikono yanakataza mambo mengi: silaha, watoto, na mama mwenye mimba. Mahali wakikutwa, shimo linaweza kupoteza rangi ya kijani, na madini yake hayauziki kwa njia halali. Kanuni ni nzuri, hakuna anayetaka mama wa miezi saba abebe kilo hamsini kwenye mlima wenye kuteleza. Lakini jiulize upande wa jikoni. Yule mama anayeponda mawe, anayeosha mchanga, anayebeba mzigo, siku tumbo linaonekana ndiyo siku kazi inaisha, na hakuna anayemlipa akikaa. Anaficha na pagne mpaka hawezi tena. Akizaa, mtoto akiwa na miezi mitano anarudi mtoni naye mgongoni. Kabla mwaka haujageuka, tumbo lingine. Kwa mama huyo kupanga uzazi si hotuba ya mkutano wa Kinshasa. Ni kusema: mwaka huu nafanya kazi, mwaka ule nazaa.

Na kuzaa kwenyewe kuna hatari. Uchunguzi wa EDS wa 2013-2014 ulikuta Kongo mama 846 wanakufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wazima. Mimba zinazofuatana mbiombio zinachosha damu, na huku kwetu kutoka mlimani mpaka hospitali ni motari, matope na vizuizi. Hospitali kuu ya Masisi inasaidiwa na MSF tangu 2007. Ukiifika, uko na bahati. Kuifika ndiyo safari.

Sasa maneno ya kwenye parcelle. "Sindano inakausha tumbo." Sindano ya miezi mitatu inaweza kuchelewesha kushika mimba miezi kadhaa nyuma ya kuiacha, hilo ni kweli, na muuguzi alipaswa kukuambia kabla hajakupiga. Haikaushi tumbo. Implanti ikitoshwa, uzazi unarudi upesi. Damu ya mwezi inaweza kubadilika, kwa wengine inakatika, kwa wengine inatokatoka ovyo. Mwenye kuona hivyo arudie kwa muuguzi, si kwa muuza dawa wa soko. Kapoti ndiyo peke yake inayokinga na magonjwa pia, na mahali pa kuchimba, ambapo wanaume wanakaa mbali na nyumba, tusijifanye hatujui.

"Ni wazungu wanataka tupungue." Ndugu zetu, neno la naissances désirables lilitangazwa na Mobutu mwenyewe mwaka 1972, mtu ambaye wakati ule alikuwa anaondoa majina ya kizungu. Shirika la Kikongo la kazi hiyo, ABEF-ND, bado linabeba neno lake ndani ya jina.

"Bwana hajakubali." Hapa tuko na sheria. Ile ya afya ya umma, nambari 18/035 ya tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 2018, inasema kwa waliooana wote wawili wapatane juu ya njia. Wakishindwa kupatana, neno la yule ambaye mwili ni wake ndilo linapita. Baba mwenye kusoma hapa, usikasirike. Ukienda pamoja na bibi siku ya kwanza, hakuna atakayeficha kadi chini ya godoro.

Tena jambo moja ambalo halingoji wafadhili: mwanamke aliyebakwa afike kwa muganga mbele ya saa 72 kwa dawa ya kuzuia UKIMWI. Dawa ya kuzuia mimba inawezekana hadi saa 120, lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asiogee kwanza, asingojee kesi ya kijiji.

Turudie kwa pesa. Kila mara mfuko wa mbali ukifungwa tunalia, na tuna haki. Lakini mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba M23 wanakusanya angalau dola 800,000 kila mwezi juu ya koltani ya Rubaya. Kwa bei ya 8.50 hiyo ni zaidi ya implanti 94,000. Kwa mwezi mmoja. Upande wa Walikale kuna Bisie, ambapo watu walichimba kasiterite kwa mikono tangu 2002, na leo kampuni inachimba kwa mashine. Code ya madini ya 2018 inaagiza kampuni ya namna hiyo itoshe angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na 15 kwa mia ya redevance iende kwa mamlaka ya fasi yenyewe, ni kusema sekta ao chefferie. Wanapoketi kupanga kazi za pesa hizo, wanataja shule, daraja, ofisi. Mama wangapi wako ndani ya ile chumba? Na nani ameshika kalamu?

Ile mali ya Geel, mwezi wa tisa wakubwa wa Flandre walisema bado iko ghalani. Sheria yao haipendi kuchoma kitu kinachoweza kutumika. Wakati ule dawa haikuwa imechomwa, haikuwa imetumwa, na tarehe yake ya mwisho ilikuwa inasogea.

Nasi tuko na tarehe zetu. Jadelle inafanya kazi miaka mitano. Mama aliyewekewa 2020, kabla ya kukimbia Rubaya, kabla ya kambi za Goma na kabla kambi zenyewe hazijavunjwa, muda wake umepita, na vijiti viwili viko bado mkononi. Asijaribu kuvitosha kwa wembe, na asikubali jirani amkate. Afike kituo chochote cha afya chenye muuguzi aliyefundishwa, hata kama si kile alichowekewa, hata kama kadi iliungua na nyumba. Aonyeshe mkono.