Samoa: Nchi iliyofuta Ijumaa ili isimkose mteja

Basi la mbao lilipofika gatini Salelologa, tulikuwa watatu wenye mabegi mgongoni, na ndani hapakuwa na kiti kitupu hata kimoja. Dereva hakutuambia tusubiri jingine. Kijana mmoja aliinuka akaketi mapajani mwa mwenzake, mwingine akafanya hivyo hivyo, na nafasi ikapatikana. Mama mmoja alipokea begi langu akalipakata kama mtoto. Muziki ulikuwa juu kuliko wa matatu yoyote ya Nairobi.

"Watu wamejaa kama kwetu, lakini huku hakuna anayegombana," alisema dada wa Goma.

Rafiki yetu wa Kabale hakucheka. Alikuwa anatazama mlango wa basi.

Hiyo ilikuwa siku yetu ya kwanza Savai'i, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Samoa, katikati ya bahari ya Pasifiki. Sisi watatu tumejuana mipakani kwa miaka mingi: dada anauza vitenge Goma na Gisenyi, huyu wa Kabale alikuwa akipeleka viazi Kigali, na mimi ni mwandishi niliyezoea kula nao. Mdogo wake dada anaishi New Zealand. Tulichanga kidogo kidogo kwenye chama chetu, tukaenda kumtembelea, kisha tukaruka saa nne hivi kutoka Auckland hadi Samoa. Kutoka uwanja wa ndege wa Faleolo ni mwendo mfupi hadi gati la Mulifanua, na meli inavuka hadi Salelologa kwa saa moja na kitu.

Tulilala Manase, kaskazini mwa kisiwa, kwenye fale. Hicho ni kibanda cha pwani chenye paa na nguzo tu, bila kuta. Usiku unateremsha mikeka ya makuti, unafunga chandarua, unasikia bahari. Bei ina chakula cha jioni na cha asubuhi ndani yake, kwa hiyo msafiri wa mfuko mdogo anajua mapema atatumia kiasi gani.

Jioni ile ndipo rafiki yetu alipouliza kuhusu mlango. Alisema basi lile limekaa kama gari la Uganda, lakini alikuwa amesikia kwamba zamani Samoa waliendesha upande wa kulia kama Rwanda, Burundi na Kongo. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alithibitisha. Walihama tarehe 7 Septemba 2009.

Sababu yake mfanyabiashara yeyote ataielewa. Wasamoa wengi wanaishi New Zealand na Australia, nchi zinazoendesha kushoto, na magari yaliyotumika kutoka huko na kutoka Japani yana usukani upande wa kulia. Serikali ilitaka ndugu walio nje waweze kutuma magari ya bei nafuu nyumbani. Watu waliandamana na wengine wakaenda mahakamani. Wenye mabasi walilalamika kwamba milango yao ingefunguka katikati ya barabara. Serikali ilitoa siku mbili za mapumziko ili barabara ziwe tupu, ikapunguza mwendo, ikasimamisha uuzaji wa pombe kwa muda, na nchi nzima ikahama upande asubuhi moja.

"Sisi pale Gatuna tunahama upande kila siku," alisema rafiki yetu. "Lori linavuka, dereva anabadili upande, basi. Kilichotushinda ni lango kufungwa."

Msomaji anayefanya kazi njia ya Kampala na Kigali hahitaji kukumbushwa. Mpaka wa Gatuna ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019 na ukafunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Rafiki yetu alikuwa na viazi barabarani siku ulipofungwa. Vilioza. Tangu ulipofunguliwa hajavuka tena hata na gunia moja, na sisi marafiki zake tulikuwa hatujamuuliza kwa nini.

Jumapili asubuhi nilimpigia mke wangu Kigali kumtakia ibada njema. Alicheka sana, maana kwake ilikuwa bado Jumamosi, saa mbili usiku. Samoa iko mbele ya Kigali kwa saa kumi na moja. Zamani ilikuwa nyuma. Mwaka 1892, wafanyabiashara wa Kimarekani walimshawishi mfalme waihesabu siku kama California, na tarehe 4 Julai ikasherehekewa mara mbili. Miaka 119 baadaye wateja wakubwa walikuwa New Zealand na Australia. Ijumaa ya Samoa ilikuwa Jumamosi kwao, na Wasamoa walipokuwa kanisani Jumapili, ofisi za Sydney zilikuwa zimeshafunguliwa. Walikuwa wanabakiwa na siku nne tu za kazi kwa wiki pamoja na wateja wao. Basi mwaka 2011 watu walilala Alhamisi, tarehe 29 Desemba, wakaamka Jumamosi, tarehe 31. Ijumaa haikuwepo. Waajiri walitakiwa kuwalipa wafanyakazi siku ambayo hakuna aliyeifanya kazi.

Jirani yao, Samoa ya Marekani, hakuhama. Ndege ndogo inafika Pago Pago kwa muda wa kama nusu saa tu, lakini unatua jana. Pale wanatumia dola na kuendesha kulia. Ni ndugu wa lugha moja na koo zile zile, waliogawanywa na mikataba ya wakubwa wa mbali. Sisi tunaijua habari hiyo. Mjerumani aliyeshika Tanganyika, Rwanda na Burundi ndiye aliyeshika Samoa hii kuanzia mwaka 1900, hadi wanajeshi wa New Zealand walipoichukua mwaka 1914. Ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962, miezi sita kabla ya Rwanda na Burundi.

Baada ya ibada ya Jumapili mama alitukaribisha kula. Chakula kilikuwa kimepikwa kwenye mawe ya moto yaliyofunikwa majani: shelisheli, samaki, majani ya magimbi yenye tui la nazi, na magimbi yenyewe. Dada alifurahi kuyaona. "Haya si ndiyo amateke?" Ndiyo yale yale ambayo Kenya huitwa nduma.

Mama alituambia magimbi ndiyo yaliyokuwa fedha ya kijiji. Yalijaa kwenye meli kwenda New Zealand. Mwaka 1993 ukaingia ugonjwa wa majani, na karibu biashara yote ya kuyauza nje ikafa kwa muda mfupi, kwa sababu aina iliyopendwa na wateja ndiyo iliyoshambuliwa zaidi. Fiji ikachukua soko. Wataalamu na wakulima walichanganya mbegu zao na nyingine za Asia na za visiwa vingine, wakapata aina zinazovumilia ugonjwa. Ilichukua miaka mingi kabla ya magimbi kuanza kusafiri tena, na mteja alikuwa ameshazoea ya Fiji.

"Sasa mlifanyaje?" rafiki yetu aliuliza.

Mama alijibu kwamba walianza na kidogo. Mteja wa zamani hurudi akionjeshwa.

Yule bwana alinyamaza mpaka jioni. Tulikuwa tumekaa mchangani bila kutembea, maana saa ya sala ya jioni mgeni hapiti kijijini, ndipo akasema. Baada ya lango kufunguliwa alikwenda Kigali mara moja, mikono mitupu. Wateja wake walimpokea vizuri, wakamnunulia chai, wakamwonyesha viazi vya Musanze. Hawakumkosea. Lakini alirudi nyumbani, na mchango wake wa safari hii aliupata kwa kuuza mizani yake. Kisha akatuomba: fedha iliyobaki kwenye chama tusigawane, tumkopeshe.

Dada alikataa papo hapo. "Fedha ya kutembea si mtaji, kaka. Ukishindwa nitakudai vipi bila kuua urafiki?" Nami sikuwa na la kusema. Tulilala hatujakubaliana, na chini ya paa lisilo na kuta kila mmoja alimsikia mwenzake akigeuka.

Kesho yake tulitembea Saleaula. Mlima Matavanu ulilipuka kuanzia mwaka 1905 hadi 1911, na uji wa moto ukafunika vijiji. Umebaki mwamba mweusi hadi baharini, na kuta za kanisa ambamo uji ule uliingia ukagandia humo. Familia nyingi zilihamia kisiwa cha Upolu na kupewa ardhi huko. Siku iliyofuata tulikwenda Taga, kusini, ambako mawimbi huingia kwenye matundu ya mwamba na kuruka juu kama mvuke. Mzee mmoja hutupa nazi tunduni, na bahari huirusha angani. Unalipa kijiji ada ndogo kupita, kwa kuwa takriban asilimia 80 ya ardhi ni ya koo na haiuzwi. Usione ni usumbufu, ndiyo riziki yao.

Anayetaka kufuata njia hii abebe fedha taslimu za tala kabla hajaondoka Salelologa, maana mbele yake mashine za benki ni shida. Avae kwa heshima vijijini. Asipange kusafiri Jumapili, mabasi hayapo. Malaria hakuna, ila mbu wa dengi wapo. Na aulizie mapema viza ya kupita New Zealand au Australia.

Melini tukirudi Upolu, dada alitoa daftari lake la madeni, lile lenye mafuta ya samaki kwenye jalada. Aliandika kiasi, tarehe ya kurudisha, na sharti moja: apeleke magunia kumi tu kwanza, tena ya aina ambayo Musanze hawana kwa msimu huo. Wote watatu tulitia saini.

Tumerudi. Wiki iliyopita rafiki yetu alinipigia kutoka Gatuna, lori likiwa foleni. Ameuza sita, manne bado yako kwa mteja mmoja wa zamani aliyesema atalipa Ijumaa.

"Mwambie asije akaifuta," nilimjibu.